Kodi ya Miezi Sita na Ghorofa Isiyokwisha

"Vyuma vya ngazi vinakuja, mwanangu. Mkishalipa tu, wiki hiyohiyo fundi anafunga."

Mama mwenye nyumba aliyasema hayo akiwa ametangulia kupanda, kiganja kikipapasa ukuta, kwa sababu upande wa pili wa ngazi ulikuwa wazi mpaka chini. Mimi nilimfuata na mtoto mgongoni. Dalali alikuwa nyuma yangu, anasifia marumaru. Jengo jipya, Kijitonyama, hatua chache kutoka lami. Rangi bado inanukia, milango bado imevaa nailoni ya dukani. Vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko lenye makabati. Laki saba kwa mwezi, miezi sita mkononi, na mwezi mmoja wa dalali.

Tukalipa, tukahamia. Vyuma vikafungwa ndani ya wiki ile, imara, vimepakwa rangi nyeusi.

Mama alitimiza neno lake, na kwa hilo sina kesi naye. Lakini kauli ile ya ngazini haikunitoka. Naosha vyombo, inarudi. Nimekwama kwenye foleni ya Mwenge, inarudi. Kama vyuma vya ngazi vilikuwa vinasubiri pesa yangu, ni kitu gani kingine ndani ya jengo hili kilikuwa kinaisubiri?

## Hesabu ya kuingia

Aliyewahi kutafuta nyumba Dar es Salaam haitaji kuelezwa. Laki saba mara sita ni Sh 4,200,000. Ongeza laki saba ya dalali, ambaye ulishampa hela ya kuonyeshwa kwa kila nyumba aliyokuzungusha, ikiwemo ile aliyojua fika kwamba imeshachukuliwa. Unafika Sh 4,900,000 na hujanunua hata balbu. Sisi tulibahatika kupata miezi sita. Nyumba ya Mikocheni tuliyoipenda zaidi, mwenyewe alitaka mwaka mzima na hakutaka maneno.

Nina rafiki anayeishi Nairobi. Kule nako kodi ni kali, lakini yeye alilipa mwezi mmoja pamoja na amana ya mwezi mmoja, akaingia. Nilipomweleza ya kwetu aliniuliza swali moja: "Sasa hizo pesa zote anazifanyia nini?"

Nilikuwa nalijua jibu. Sikuwa nimewahi kulitamka.

Mume wangu alichukua mkopo wa mshahara benki. Mimi nilikopa kwenye kikoba chetu. Mikopo yote miwili ina riba. Ya kikoba angalau inarudi kwetu wenyewe mwisho wa mzunguko. Tukaziweka pesa pamoja, tukampelekea Mama. Zilipofika mkononi mwake hazikuwa na riba hata senti moja. Zikawa vyuma, koki, waya za umeme, na mifuko ya saruji niliyoikuta imepangwa chini ya ngazi muda mfupi baada ya sisi kuhamia.

Mpangaji wa kwanza wa jengo jipya ni mkopeshaji.

Anakopesha bila riba, bila dhamana, bila kuuliza mradi umefikia wapi. Kisha analala ndani ya mradi wenyewe.

## Ukuta wa chumba cha mtoto

Masika yalipoanza, ukuta wa chumba cha mtoto ulitoa doa juu ya soketi. Mwanzo nilidhani ni mkono wa mtoto. Nikalifuta, likarudi limepanuka. Baadaye rangi ikavimba, nikaibonyeza kwa kidole ikapasuka, na ndani mkawa na unga mweupe, laini, wenye chumvi.

Mama alimleta fundi kesho yake. Kijana mtaratibu, hakuja na maneno mengi. Alikwangua kwa bisibisi, akanusa, akagonga ukuta kwa ngumi kuanzia chini kwenda juu, akisikiliza. Kisha akaniambia bila kuficha: "Lipu haikukauka, dada. Ilipigwa, ikapigwa skimu ya kulainisha, ikapakwa rangi, vyote mfululizo. Maji yaliyobaki ndani yanatafuta pa kutokea."

Nilimkalisha nikamuuliza kila kitu. Zege, alisema, mahesabu yake hufanywa kwa siku 28, na siku za mwanzo lazima limwagiliwe maji au litapasuka. Lipu nayo inahitaji wiki kadhaa za kupumua kabla ya skimu, na zaidi kabla ya rangi. Maji yanapotoka ukutani hubeba chumvi iliyomo kwenye mchanga, tofali na saruji, na kuiacha juu ya ukuta. Ukiwahi kupaka rangi isiyopitisha hewa umeyafungia maji mlango, nayo yataubomoa.

"Mngesubiri miezi miwili mitatu, lisingetokea hili," alisema.

Nani angesubiri? Kila wiki ambayo nyumba imesimama tupu inakauka ni wiki isiyo na kodi, na kodi ndiyo iliyokuwa inunue rangi ya chumba kinachofuata. Hakuna mtu aliyeiba saruji hapa. Fundi huyo anaijua kazi yake vizuri. Ukuta ulipakwa rangi ukiwa na maji kwa sababu pesa yangu ilihitajika kabla ukuta haujawa tayari.

Dawa yake ni kukwangua mpaka kwenye lipu, kuuacha wazi, na kufungua madirisha. Na hapo kwenye madirisha nina neno. Madirisha ya alumini ya kusukuma yanafunguka nusu tu, nusu ya pili daima ni kioo. La chumba cha mtoto linatazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha ufagio unaugusa. Mji huu una pepo mbili zinazojulikana tangu enzi za majahazi, kaskazi na kusi, na nyumba za Kiswahili za Magomeni na Ilala zilijengwa na ukumbi katikati, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani, upepo unapita humo humo. Sisi tumepewa nyumba ya kisasa isiyofikiwa na kaskazi wala kusi. Upepo wetu tunaununua kwenye Luku, umeme wa kulipia kabla. Na kwenye Luku hiyohiyo, tangu Agosti 2021, hukatwa kodi ya majengo, ambayo ni deni la mwenye jengo lakini inatoka kwenye simu ya anayenunua umeme. Mama alikubali kutupunguzia kiasi hicho kwenye kodi ya pango tulipomwonyesha. Wapangaji wengi ninaowajua hawajawahi hata kuuliza.

## "Ningezitoa wapi?"

Kwa wiki kadhaa nilikuwa na hasira, na hasira ilikuwa na sura ya Mama. Ikanipunguka jioni moja aliyokuja kuangalia ule ukuta, tukakaa kwenye viti vya plastiki pale nje kusubiri jua lipungue.

Ni mwalimu mstaafu. Alistaafu akiwa na miaka 60, baada ya kikokotoo kipya cha mafao ya kustaafu kuanza Julai 2022. Wanaolijua hilo neno wanajua lilivyouma: watu wa mfuko wake walikuwa wakitegemea asilimia 50 ya mafao kwa mkupuo, ikawa asilimia 33, na iliyobaki inakuja kidogokidogo kila mwezi. Kiinua mgongo chake ndicho kilichokuwa kimalize jengo. Kilifika kwenye lenta za ghorofa ya kwanza kikaisha.

"Benki nilikwenda, mwanangu," alisema. "Waliniuliza umri kabla hawajaniuliza jina."

Mkopo wa nyumba unataka miaka mingi ya kazi mbele yako, na riba yake ina tarakimu mbili. Mstaafu hana miaka hiyo. Akauza kiwanja alichokuwa nacho Bagamoyo, akamwaga zege la paa, akamtafuta dalali.

"Bila kodi ya mbele, ningezitoa wapi?"

Sikuwa na la kumjibu, na hilo lilinisumbua kuliko ule ukuta. Nilikuwa nimemjengea kichwani picha ya mtu anayekalia pesa zangu. Aliyekuwa mbele yangu ni mama aliyevaa kitenge kilichopauka, anayehesabu nondo kwa majina ya wapangaji: hizi ni za Mama Nuru, zile ni za yule kaka wa chini.

Akaniambia na hofu yake nyingine. Kabla ya ghorofa alikuwa na vyumba vya uani, alivipangisha kwa mwezi mwezi. Mpangaji mmoja aliacha kulipa, akakataa kuhama, shauri likaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, tarehe zikawa zinasogezwa mpaka Mama akachoka. Miezi sita ya mbele, kwake, ni ujenzi na ni bima kwa wakati mmoja.

## Walivyotuacha wawili

Mama amekulia katika nchi ambayo mwenye nyumba ya kupangisha alikuwa mtu wa kutazamwa kwa jicho baya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka wazi kwamba kiongozi haruhusiwi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi hizo zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. "Shuleni tuliwaimba makupe," alisema Mama, "na baadhi yao walikuwa baba zetu."

Upepo ukageuka. Kwa Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, masharti yale ya uongozi yakalegezwa, na watumishi wakaanza kujenga. Ilikuwepo pia sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984. Ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kauli za kuzuia kodi ya mwaka mzima zimesikika sana, bungeni na nje ya bunge, na dalali wangu hajawahi kupunguziwa usingizi na hata moja.

Nikiitazama historia hiyo yote, naona serikali iliyoanza kwa kumwogopa mwenye nyumba, kisha ikajitoa kabisa, ikatuacha wawili: mstaafu asiye na mkopo na mwajiriwa mwenye mkopo, tukabane wenyewe ngazini.

Nasi tunajua kwamba ikitaka kuingia, inaingia. Masaki na Oysterbay kodi zilitajwa kwa dola kwa miaka na miaka kana kwamba shilingi si pesa. Machi 2025 zikatoka kanuni za kupiga marufuku kutaja na kutoza bei za bidhaa na huduma ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mpangaji wa Masaki amepata wa kumtetea. Mama na mimi hatujampata.

## Nondo zilizobaki juu

Majengo ya mji huu yana nywele. Nondo zinaachwa zimechomoza juu ya paa la zege, zinashika kutu, zinangoja ghorofa itakayokuja Mungu akijalia. Zetu nazo zilikuwepo. Nilikuwa naanika nguo kati yake.

Asubuhi moja tukaamshwa na vishindo. Maji yamefungwa, vijana wanapandisha zege kwa ndoo, na kwenye dari letu la jipsamu, juu ya meza ya kulia, ufa mwembamba ukatokea kuanzia kwenye taa kuelekea ukutani.

Nilimtoa mtoto nje kabla ya kuvaa viatu.

Mtu wa Dar hawezi kuuangalia ufa kwa utulivu. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka la Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa dukani. Zile sauti za waliokuwa chini ya kifusi wakipiga simu sote tulizisikia.

Fundi alinihakikishia kwamba ufa ule ni wa jipsamu tu, zege la juu liko salama. Nilimwamini. Lakini nilitaka karatasi.

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Unaanzaje kumwambia mtu wa umri wa mama yako, "Naomba kuona kibali chako cha ujenzi"? Nilimsalimia, nikauliza hali ya mguu wake, tukazungumza habari za msiba wa jirani. Kisha nikasema, "Mama, naomba usinielewe vibaya. Nina mtoto. Naomba kujua jengo hili limechorewa ghorofa ngapi, na mhandisi wake ni nani."

Alinyamaza. Akaingia ndani, akatoka na faili la bluu lililofungwa kwa mpira. Kibali cha manispaa kilikuwemo, michoro ilikuwemo, ghorofa anayoijenga sasa ilikuwemo kwenye michoro, na jina la mhandisi pia. Nilipoliandika jina hilo kwenye simu, Mama alisema polepole, "Tangu nianze kupangisha, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Fikiria. Wakati jengo linajengwa, mbele yake husimamishwa kibao: mkandarasi, mhandisi, msanifu, namba za usajili. Siku jengo linapokamilika, au linapoanza kupokea wapangaji, kibao kinang'olewa. Wanaopita barabarani walikuwa na haki ya kujua nani anawajibika. Sisi tunaokwenda kulala ndani tunaingia kwenye jengo lisilo na jina la mtu hata mmoja, tukiwa na risiti ya dalali.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema mwenye jengo anayepangisha sehemu yake ndiye anayewajibika kutunza paa, kuta kuu na njia zinazotumiwa na wote. Ngazi ni njia ya wote. Hakuna mahali sheria hiyo inaposema ngazi itakuwa salama mpangaji akishalipa.

## Mazungumzo ya mkataba mpya

Miezi sita ya kwanza ilipokaribia kwisha, Mama alikuja na ombi. Safari hii tulipe mwaka mzima, Sh 8,400,000, ili amwage zege la juu kabla ya vuli.

Mume wangu alitaka tuhame. Nilimwelewa. Lakini kuhama ni dalali mwingine, laki saba nyingine, na ukuta mwingine ambao sijui kama umekauka. Huu wetu angalau naujua ugonjwa wake.

Nikamwambia Mama: tukubali, ila tuandike ukweli. Hii si kodi peke yake, ni mkopo wa ujenzi. Anayelipa mwaka mzima alipe kidogo kuliko anayelipa miezi mitatu. Kodi isipande kwa miaka miwili. Kila lisilokamilika liandikwe na tarehe yake: tangi la pili la maji, dari la sebule, chumba cha mtoto kupakwa upya baada ya kukauka. Na nakala ya kibali iwekwe kwenye mkataba.

Uso ulimbadilika. "Mwanangu, unanifanya benki?"

"Hapana, Mama. Benki ni sisi."

Alikaa kimya nikadhani nimemkosea adabu. Kisha akaomba kalamu. Tulihesabu pamoja mezani, kwa mwandiko wake wa ubaoni, ulionyooka, mpaka tukafika Sh 650,000 kwa mwezi kwa atakayelipa mwaka: Sh 7,800,000. Akakubali miaka miwili ya kodi ileile. Akakubali orodha ya matengenezo na tarehe. Nakala ya kibali aliitoa bila neno, na akasema atawapa wapangaji wote.

Tulipokwama ni kipengele kimoja. Nilitaka iandikwe kwamba jengo likiwa si salama kuishi, au likazuiliwa na manispaa, atarudisha kodi ya miezi iliyobaki ndani ya siku 30.

"Hapo sasa umenishinda," alisema. "Pesa ikishakuwa nondo, nitaitoa wapi?"

Amesema kweli, na ndiyo maana nakitaka kipengele hicho. Siku nyumba itakaposhindikana, mimi na mtoto tutakuwa nje na pesa yetu itakuwa ndani ya zege la mtu mwingine, na mkopo wa mshahara utaendelea kukatwa kama kawaida. Hatari hiyo ipo leo, iandikwe isiandikwe. Kwa sasa yote imekaa upande wetu, na hakuna anayeitaja.

Nimempa njia nyingine: tulipe miezi mitatu mitatu, kwa Sh 700,000, mpaka mhandisi wake atie saini kwamba ghorofa ya juu imekamilika salama. Baada ya hapo nitalipa mwaka, kwa mkupuo, bila kuombwa. Atachelewa kumwaga zege, najua, na vuli itamkuta. Amesema atazungumza na wanawe.

Mume wangu ameanza kuniunga mkono, ingawa anaona namsumbua mzee wa watu. Mimi simwoni Mama kama adui, na nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu. Ila bila kipengele hicho, mwaka mzima sisaini.